Ramani ya Hewa ya Juu na Hema la Hodge Hill

Vijana wa kundi letu la watabiri wa hali ya hewa, tangu nistaafu mmenisumbua niandike jinsi tulivyofanya kazi "zamani zile". Mnalitamka neno hilo kana kwamba tulikuwa tukitabiri mvua kwa kuchungulia matumbo ya kuku. Haya, nitaandika. Ila anayetaka kujua nilipandaje vyeo na nililipwaje atafute mwandishi mwingine. Vyeo nilivyopewa vilikuwa na majina marefu, na kila mara nilirudi kukaa kwenye kiti kile kile kilichovunjika egemeo.

Kazi niliianzia nyumbani Kenya, nikiwatabiria marubani. Nyinyi mlioko huko mnajua kwamba karibu na ikweta ramani ya mgandamizo wa hewa haina faida kubwa. Ni mistari miwili mitatu iliyopotea njia. Tuliufuata upepo wenyewe, tukichora unakotoka, unakokwenda na mahali unapokutana na mwenzake, na hapo ndipo tulipoweka mvua. Nilikuwa nimeizoea kazi hiyo, na nilidhani naijua anga. Kisha mume wangu akapata kazi ya uuguzi Birmingham, nami nikaja naye kama mzigo wa ziada.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa kando ya mfereji, karibu na katikati ya jiji. Siku ya usaili waliniuliza kama nimewahi kuona theluji. Niliwajibu kwamba tunayo, tunaiweka juu ya mlima ili isimsumbue mtu. Walicheka sana, wakanipa kazi. Mpaka leo sijui kama nilipita kwa elimu au kwa mzaha.

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini nilikuta mapazia yote yamefungwa. Nikadhani kuna msiba. Kumbe jua lilikuwa linaakisi kwenye vioo vya kompyuta, kwa hiyo watu ambao kazi yao ni kujua hali ya anga walikuwa wamekubaliana kwamba anga isionekane. Simu zilikuwa zinalia. Wateja wetu walikuwa halmashauri zilizotaka kujua kama wamwage chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani usiku ule, wenye kreni, wenye kukodisha mahema, na maduka makubwa yaliyotaka kujua ni lini waweke makaa ya kuchomea nyama mlangoni. Kwa hawa wa mwisho tulitumia umakini mkubwa kuliko kwa wote.

Nilikabidhiwa kwa mtu aliyeitwa Derek. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa sweta la rangi ya uji, na hakunisalimia. Alinitandikia karatasi kubwa juu ya meza yenye taa chini ya kioo. Ilikuwa na tarakimu ndogo ndogo, kuanzia Kanada mpaka Urusi. Zilikuwa vipimo vya maputo yaliyorushwa asubuhi hiyo, kila puto na kifaa chake cha redio, vikieleza hewa ilivyokuwa kilomita tano na zaidi juu ya vichwa vyetu. Akanipa penseli.

"Chora," akasema.

Nikachora mistari ya kuunganisha vipimo vinavyolingana. Nilichora kwa uangalifu, kwa mkono uliosifiwa nyumbani. Derek alikuja, akaangalia, akachukua kifutio akafuta Ufaransa yote.

"Umemwamini kila mpimaji," akasema. "Huyu wa Brest amekosea. Angalia majirani zake wote."

Kisha akaweka pembeni ramani ya chini, ile ya mgandamizo ardhini ambayo mnaiona kwenye televisheni. "Hii ni matokeo," akasema. Akagonga karatasi yangu. "Hii ndiyo sababu."

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa wiki ya kwanza. Leo nyinyi mnapewa kozi za siku nzima, na keki.

Kwa miaka kadhaa Derek alinifundisha hivyo hivyo, kwa maneno machache na kifutio. Alinionyesha mahali mistari inapobanana, ambapo huko juu upepo unakimbia kama mto uliofurika. Huo mto ndio unaoitawala Uingereza kuliko serikali yoyote. Alinionyesha mwisho wa mto huo, unapotanuka na kupungua kasi, na kunieleza kwamba upande wake wa kushoto hewa huvutwa kutoka chini kama soda kwenye mrija. Dhoruba ikipita hapo chini, inanenepa. Alinionyesha bonde, pale mistari inapojikunja kuelekea kusini. Bonde lililosimama wima, alisema, litakuletea mvua ya heshima. Lakini ukiona mkia wake wa kusini umeanza kutangulia mashariki kuliko kichwa chake, ghairi chakula cha mchana.

"Kwa nini nighairi chakula?" nilimuuliza.

"Kwa sababu simu zitalia," akasema.

Ikawa kweli. Mara nyingi nimekula mkate baridi kwa sababu ya mkia wa bonde.

Baadaye wakaja wataalamu wa mabadiliko ya uendeshaji, na mkubwa wao alikuwa Gavin. Gavin hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na viatu vizuri na shahada ya biashara, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba kompyuta ikishasema, kinachobaki ni kuchapisha. Aliondoa kabati la penseli. Meza ya taa ikageuzwa kuwa ya kuwekea keki za siku za kuzaliwa. Ukiiwasha, keki ya krimu iliyeyuka kuanzia chini, na huo ndio utabiri pekee uliofanyika juu yake tangu hapo.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na kompyuta. Zinahesabu anga yote wakati mimi bado natafuta miwani, na mara nyingi ziko sahihi. Shida ni kwamba hazijui zimekosea lini, na Gavin alikuwa na tatizo hilo hilo. Kwa hiyo mimi na Derek tuliendelea kuchapisha ramani za juu kwenye karatasi za kawaida na kuzipaka rangi wakati wa mapumziko, kama watoto wa chekechea. Watu walituhurumia. Hawakujua kwamba mkono unapofuata mstari, jicho haliwezi kuuruka.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mmekuwa mkinong'onezana, la hema.

Sisi tunaishi Hodge Hill, mtaa wa Birmingham, na wakati huo kanisa letu lilisali kwenye ukumbi wa shule uliokodishwa. Wakenya tulikuwa nusu, na nusu nyingine familia kutoka mashariki ya Kongo. Kiswahili chetu kilikutana mlangoni kila Jumapili na kutazamana kwa mshangao, kisha kikaelewana. Mchungaji wetu, Pasta Bahati, alikuwa Mkongomani, mtu mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti na ambaye hata hivyo alitumia viwili. Mimi nilijulikana kama "dada anayesoma hali ya hewa kwenye televisheni". Sijawahi kuonekana kwenye televisheni. Nilikanusha mwaka mzima, kisha nikachoka.

Kiangazi kimoja Pasta aliamua kufanya mkutano wa nje. Wakapata uwanja ulio nyuma ya shule hiyo hiyo. Wakakodi hema kubwa lenye nguzo za chuma, kutoka kwa kampuni ambayo, kwa bahati yangu nzuri, ilikuwa mteja wetu. Siku ilikuwa Jumamosi, na wiki hiyo joto lilikuwa la kutisha. Waingereza walivua mashati na kuwa wekundu. Sisi tulilalamika kwamba hili si joto la kawaida, kana kwamba tulizaliwa Norwe.

Katikati ya wiki nilipaka rangi ramani ya juu, nikaona kitu ambacho sikukipenda. Chini, hewa ya joto kutoka Uhispania ilikuwa inapanda kuja kwetu. Juu yake kulikuwa na tabaka kavu lililoifunika kama kifuniko cha sufuria. Na huko baharini, magharibi ya Ufaransa, bonde lilikuwa linakuja, mkia wake wa kusini umeanza kutangulia. Mto wa upepo ulikuwa unaishia karibu na sisi, na sisi tulikuwa upande wake wa kushoto. Kifuniko kikishikilia, watu wanakula aiskrimu. Kikifunguka, yote yaliyokuwa yanachemka chini yanapanda kwa pamoja.

Kompyuta ilisema ngurumo zitapita mashariki, kwenye mashamba ya viazi. Utabiri rasmi wa kampuni ukasema Birmingham itakuwa kavu.

Nilimwonyesha Derek karatasi yangu. Aliitazama, akakuna sikio.

"Ningekuwa na kiti nje Jumamosi alasiri," akasema, "ningekikunja."

Ijumaa nikaenda kwa Gavin. Nilimweleza yote niliyowaeleza nyinyi hapa, ila kwa upole zaidi.

"Una data gani?" akaniuliza.

Nikampa karatasi. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii umeipaka rangi," akasema.

"Ndiyo. Lakini tarakimu ni zile zile zinazoingia kwenye kompyuta yako. Tofauti ni kwamba mimi nadhani bonde litafika mapema na litatupitia sisi."

"Unadhani."

"Nadhani. Kazi hii inaitwa kutabiri."

Akanikumbusha kwamba kampuni ina sauti moja. Mteja akisikia sauti mbili, hanunui hata moja. Na kanuni, akasema, inakataza mfanyakazi kumpa mtu yeyote utabiri unaopingana na ule rasmi, akiwa kazini au nyumbani. Nikamwuliza kama kanisani ni kazini au nyumbani. Hakulipenda swali hilo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda uwanjani mapema. Jua lilikuwa linawaka, hema jeupe limesimama, na watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wameshapangiwa viti vyao vidogo upande wa mbele. Huko juu, upande wa kusini, niliona vimawingu vidogo vyenye vichwa kama minara ya kasri. Andikeni hilo mahali. Mkiviona vimawingu hivyo asubuhi ya joto, jueni kwamba hewa ya juu imeshaanza kuvurugika, hata kama chini hakuna jani linalotikisika.

Pasta Bahati alikuwa anajaribu vipaza sauti. Nikamwita pembeni.

"Pasta, naomba mkutano uhamie ukumbini. Alasiri, kuanzia saa nane, kutakuwa na dhoruba."

Aliangalia juu, akanitazama kwa huruma. "Mama Ndinda, hakuna wingu."

Nikamwonyesha vimawingu. Akasema ni vizuri, vitatupa kivuli.

"Na simu yangu inasema jua," akaongeza. "Hata wenye hema wametuambia kavu. Si ni ofisi yako iliwaambia?"

Hapo nilikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa kinyume cha kanuni. "Ni ofisi yangu. Mimi nasema wamekosea."

"Mama Ndinda, tumefunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya siku hii."

"Sipingi maombi, Pasta. Napinga kukaa chini ya nguzo za chuma."

Aliniambia tutaliweka jambo hilo mikononi mwa Mungu, kisha akarudi kuhesabu moja mbili tatu kwenye kipaza sauti. Nami nilisimama pale nikijiona mjinga. Jua lilikuwa linanichoma kichwani kwa makusudi.

Aliyekuwa akitusikiliza ni Mama Furaha, mkuu wa wapishi. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kivu, mkimya, ambaye nilikuwa nimemjua kwa miaka bila kumjua. Alikuja na mwiko mkononi.

"Dada," akasema, "ni mvua tu, ao ni radi?"

"Ni radi, mama. Na upepo. Pengine na mvua ya mawe."

Hakuuliza ramani. Hakuuliza kompyuta. Aligeuka, akazima jiko la gesi, akawaambia wale wasichana wake wa jikoni, "Mubebe masufuria. Tunaenda mu salle." Wakaanza kubeba. Pilau ikaingia ukumbini, sombe ya majani ya muhogo ikafuata, kisha kuku, kisha soda.

Nimesoma vitabu vingi vya jinsi ya kuwafikishia watu tahadhari ya hali ya hewa. Hakuna hata kimoja kilichotaja pilau. Watu ambao sayansi isingewahamisha na ambao Pasta mwenyewe alikuwa amewataka wabaki uwanjani walitazama masufuria yakiondoka, wakatazamana, wakainuka. Baada ya muda mfupi Pasta alikuwa amebaki na vipaza sauti vyake viwili na viti. Akafuata, uso umemshuka.

Mkutano ukaanza ndani. Saa nane ikapita, jua kali. Saa tisa ikapita, jua kali zaidi. Ukumbi ule ulikuwa na madirisha yasiyofunguka, na ndani tulikuwa tunaiva. Mzee mmoja wa kanisa, Mkenya mwenzangu, alinipungia mkono kutoka safu ya pili.

"Mama Ndinda, hiyo storm yako imeshukia wapi, Coventry?"

Watu walicheka. Binti yangu Ndinda, aliyekuwa na umri ule ambao mama ni aibu hata akinyamaza, alininong'oneza, "Mum, it's literally sunny."

"Hilo jua naliona," nikamwambia.

"Everyone's looking at us."

"Na hao wanaotutazama pia nawaona."

Kusema kweli, nilianza kuogopa. Sikuogopa dhoruba. Niliogopa kwamba haitakuja. Mnajua hali hiyo, na kama hamjui, mtaijua. Umewaambia watu wema waache furaha yao kwa sababu ya hewa usiyoweza kuwaonyesha, na hewa imekugeuka.

Pasta akasimama. "Wapendwa," akasema, "tumemsikiliza dada yetu kwa upendo. Sasa turudi kwenye hema letu." Viti vikaburutwa. Watoto wakakimbilia mlango.

Mlangoni alikuwa amekaa Mama Furaha. Alikuwa ameweka kiti chake katikati, na juu ya mapaja amempakata mjukuu wake aliyelala. Hakusimama.

"Mama, tupishe," Pasta akasema.

"Pasta, mungojee kidogo."

"Tumengoja vya kutosha."

Mama Furaha alisema polepole, bila kuinua sauti, na walio nyuma wakasogea ili wamsikie.

"Kule kwetu nilikuwaka mwalimu. Siku moja mvua ilikuja, batoto banaogopa, banataka kutoka mu darasa, bakimbie kwabo. Nikabaambia, mukae, ni mvua tu. Radi ikapiga masomo, ile nyumba ya shule yenyewe." Akamfunika mjukuu vizuri. "Ile darasa ilikuwa yangu. Bengine habakuamuka tena. Mimi niliamuka. Tangu ile siku, mutu akisema ni radi, sisemi tena ni mvua tu."

Hata mimi, niliyekaa naye kanisa moja miaka yote hiyo, sikuwa najua. Pasta alibaki amesimama na Biblia yake kifuani. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye. Wengine wakakaa pale walipokuwa, baadhi sakafuni.

Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo. Mwanga dirishani uligeuka ukawa wa kijani, kama tumetumbukizwa kwenye chupa. Ukaja upepo, na nyuma yake mvua iliyofuta uwanja wote machoni petu. Radi ilipiga karibu kiasi kwamba mwanga na sauti vilifika pamoja. Ndinda akanishika mkono, aibu ikaahirishwa. Niseme pia kwamba mvua ya mawe niliyoiahidi haikuja hata punje moja, na saa niliyosema ilikuwa imepita kitambo. Msije mkadhani nawasimulia miujiza.

Ilipotulia tulitoka. Hema lilikuwa limekwenda kukaa juu ya uzio wa jirani. Nguzo zilikuwa zimetawanyika, na moja, ile ndefu ya katikati, ilikuwa imelala juu ya viti vidogo vya shule ya Jumapili, safu nzima, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Vingine vilikuwa vimepasuka.

Pasta Bahati alikwenda peke yake, akaanza kuviokota viti vile kimoja kimoja na kuvipanga kwenye nyasi zilizolowa, hata vilivyovunjika. Nilikwenda kumsaidia. Alinipokea kiti mkononi.

"Mama Ndinda," akasema, "mwaka kesho uniambie mapema."

Nilitaka kumjibu kwamba nilimwambia mapema. Nikaona haifai. Nikaokota kiti kingine.

Jumapili iliyofuata ulitolewa ushuhuda mrefu kuhusu jinsi Mungu alivyoizuia dhoruba mpaka watu wake wote wakawa ndani. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Jumatatu Gavin alituma barua pepe kwa wafanyakazi wote akisema kompyuta ilifanya kazi nzuri sana katika kanda kwa jumla. Mashamba ya viazi, kwa taarifa yenu, hayakupata tone.

Kisha akaniita. Wenye hema, waliosimuliwa yote walipokuja kuliokota, walikuwa wamelalamika. Hawakulalamika kwamba utabiri ulikuwa mbaya. Walilalamika kwamba mteja wao alikuwa na utabiri mzuri kuliko wao, tena bure. Kikaitishwa kikao cha nidhamu. Niliruhusiwa kuja na mwenzangu mmoja, nikaja na Derek, ambaye kwa heshima ya siku hiyo alikuwa amevaa sweta jingine la rangi ile ile.

"Je, unakubali kwamba ulitoa utabiri unaopingana na wa kampuni?" Gavin akauliza.

"Nakubali."

"Na ulijua kanuni?"

"Nilijua."

"Una la kujitetea?"

"Kulikuwa na watoto," nikasema.

Gavin aliandika kitu. Nadhani aliandika "watoto". Akamgeukia Derek, akamwuliza kama ana la kuongeza.

"Nilikubaliana na karatasi yake," Derek akasema. "Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi sikumwonya mtu yeyote. Kwa hiyo mimi ndiye mliyemtaka, mfanyakazi bora."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakuwa anafanya mzaha.

Nilipewa onyo la maandishi la mwaka mmoja. Lilikuwa onyo la kunikataza kuonya watu, jambo ambalo nadhani ni ofisi ya hali ya hewa peke yake inayoweza kulibuni. Derek alistaafu majira ya kupukutika kwa majani. Walimwandalia hotuba. Saa ya chakula cha mchana akasema anakwenda kununua mkate, na hatukumwona tena.

Baada ya hapo Mama Furaha alihama kiti chake kanisani, akawa anakaa kando yangu. Hatukuizungumzia siku ile. Wakati mwingine, tukiwa katikati ya wimbo, aliniuliza kwa sauti ya chini wiki itakuwaje, nami nikamweleza kuhusu mabonde na mto wa upepo, naye akaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi aliyejiandaa.

Niliendelea na kazi miaka mingi. Gavin alihama, na sasa nasikia anazishauri kampuni jinsi ya kukabiliana na hatari. Kanuni yake ilibaki. Kompyuta zikawa bora zaidi, na nazisifu, nilizoea hata kuziamini siku za kawaida. Mapazia hayakufunguliwa kamwe.

Mwaka wangu wa mwisho walinikabidhi msichana aliyeitwa Nadia, mzaliwa wa mtaa wa Alum Rock, mwenye akili nyingi na subira kidogo. Nilimtandikia karatasi. Nilimpa penseli. Nilifuta Ufaransa yake. Alinitazama kama nilivyomtazama Derek, na nikafurahi.

Siku moja ya majira ya baridi ilikuwa inakuja dhoruba ya upepo. Utabiri rasmi ulisema itafika jioni na kupita kaskazini. Nadia alikuja mezani kwangu na ramani ya juu aliyoipaka rangi mwenyewe, mkia wa bonde umetangulia, mto wa upepo unaishia juu ya Wales. Alidhani itafika alasiri, na itapita hapa hapa. Nilimwambia huenda yuko sahihi na huenda hayuko sahihi. Nitawaambia kabisa ilivyokuwa, msije mkaningoja. Upepo ulifika kati ya saa alizosema yeye na zile za kompyuta, ukaangusha mabati na matawi, ukawa mkali lakini si kama alivyohofia. Kaka yake, aliyekuwa akijenga paa Winson Green na akashuka kwa ajili yake, alimcheka dada yake kuwa ni mwoga na akamnunia wiki nzima. Shukrani za kazi hii huja hivyo. Zizoeeni.

Lakini wakati ule hatukuwa tunajua hayo. Nadia alikuwa amesimama mbele yangu, karatasi mkononi.

"Kaka yangu yuko juu ya paa sasa hivi," akasema. "Na utabiri rasmi unasema jioni. Najua kanuni."

"Kanuni naijua mimi kuliko wewe," nikamwambia. "Simu unayo?"

"Ninayo."

Nikainuka, nikachukua kikombe changu, nikaenda jikoni kuchemsha chai. Nilifunga mlango nyuma yangu, na nikakaa huko muda mrefu kuliko chai yoyote inavyohitaji, ili atakayeniuliza baadaye nilisikia nini nimjibu kweli tupu kwamba sikusikia kitu.